Spea hainunuliwi kwa ramli: maswali yenu kuhusu fowili (4x4) za zamani

Safari hii nusu ya maswali yamekuja hivi: "Gari langu linachemsha, nifanyeje?" Gari gani? Land Cruiser ya injini ya 1HZ huchemsha, Prado ya 1KZ huchemsha, Defender ya 300Tdi huchemsha, na kila moja ina sababu zake. Ukiandika, taja modeli kama ilivyo kwenye kibati (HZJ79, KZJ95, KZN185), taja injini, halafu sema umepima nini. Orodha ya ulivyobadilisha hainisaidii. Kubadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka tatizo liondoke ni kupiga ramli, na ramli ya Kariakoo ina bei.

Prado yangu ni KZJ95, injini 1KZ-TE. Tambarare haina shida, nikipanda mlima mshale unapanda. Fundi ametoa temosta, ikapungua kidogo. Sasa anasema ni hedi, kile kichwa cha injini. Nianze kutafuta hedi? (Iringa)

Hapana. Bado hujafika huko, ingawa ukiendelea hivi utafika.

Rudisha temosta. Temosta ya injini hizi ina kisahani cha chini. Ikifunguka, kisahani kinaziba njia fupi ya maji ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata joto, mlimani inakosa pa kulitoa. Na ukinunua mpya hakikisha ina hicho kisahani, kwa sababu zipo za bei chee zisizonacho.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Joto la kuanza kufunguka limepigwa mhuri juu yake, mara nyingi 82. Ianze karibu na hapo, na ikifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita nane au zaidi. Ninyi mlioko Iringa, Mbeya na Arusha mkumbuke maji yenu yanachemka kwenye 94 au 95. Kwa hiyo usiihukumu kwa kuona mapovu. Soma kipimajoto.

Baada ya hapo, mfuniko wa rejeta. Una namba, 0.9 kwa Toyota nyingi. Mpira wake ukikauka, presha haikai, na maji yanachemka mapema kuliko yanavyopaswa. Ni spea rahisi kuliko zote hapa na ndiyo inayoangaliwa mwisho.

Halafu upepo. Chomoa skrubu za juu uangalie nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Magari yanayopita kwenye nyasi ndefu hujaza mbegu na vumbi hapo, na kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, usiitumie. Kava la plastiki linalozunguka feni lipo? Lisipokuwepo, feni inavuta hewa ya pembeni na kuacha ya kwenye rejeta. Klachi ya feni nayo: injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma pangaboi kwa kidole. Likizunguka kwa raha kama la feni ya mezani, klachi imechoka. Klachi nyingi za Toyota hufunguliwa na kujazwa upya oili ya silikoni, si lazima ununue nyingine.

Hedi ndiyo ya mwisho, na ina kipimo chake kisicho na gharama. Acha gari lilale usiku. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta taratibu. Ukisikia pumzi inatoka kwenye injini baridi, kuna presha iliyobaki tangu jana, na hiyo haikuletwa na joto. Rudisha mfuniko, washa, shika mpira wa juu wa maji. Ukiwa mgumu ndani ya dakika mbili, maji bado yakiwa vuguvugu, hiyo ni gesi ya silinda inapenya. Hapo sasa tuzungumze hedi. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu na haisamehe kuchemshwa mara mbili tatu, kwa hiyo simlaumu fundi wako kwa kuishuku. Namlaumu kwa kutopima.

Jambo ambalo hukuuliza: siku ukifungua, gasketi ya hedi ya 1KZ inakuja kwa unene tofauti na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Anayekuambia "gasketi ni gasketi" mwambie afunge ya gari lake.

Naweza kuingiza fowili kwenye lami ikiwa na mvua? (Kibaha)

HZJ75, HZJ79, Hilux za zamani, Jimny: hapana, hazina difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Prado 90 yenye difu ya kati iko fowili muda wote. Unachotakiwa ni kutoifunga hiyo difu ya kati ukiwa kwenye lami.

Naendesha Land Cruiser ya watalii iliyorefushwa, 1HZ. Mlima wa kwenda geti la Ngorongoro inakufa nguvu na kutoa moshi mweusi. Kuna jamaa ana turbo ya mtumba, nifunge? (Arusha)

Hili nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba naweza kulijibu nikiwa nimelala. Tulikamilishe.

Kwanza ujue unachobeba. 1HZ ni lita 4.2, takriban kilowati 96 kutoka kiwandani, na hizo ni za usawa wa bahari. Kwenye ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo pungufu, pampu inaendelea kumwaga dizeli ile ile, na ziada inatoka kama moshi. Ongeza bodi iliyorefushwa, paa la kuinuka, friji, viti na watu saba. Moshi kidogo huko juu ni hesabu, haumaanishi ugonjwa.

Ugonjwa tuutafute chini, Arusha mjini. Filta ya hewa kwanza: ukiitoa na kupanda kimlima kifupi kisicho na vumbi, gari likavuta vizuri, umemaliza. Pili klirensi za vali, yaani mianya yake. 1HZ ikiwa baridi: vali za hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za moshi 0.35 hadi 0.45. Klirensi hizi hupungua kadiri vali inavyozama kwenye kiti chake, kwa hiyo injini haipigi kelele kukuonya. Inazidi kuwa kimya, inawaka kwa shida asubuhi, inapoteza nguvu, na mwisho vali ya moshi inaungua kwa kuwa haikai tena. Ukisikia mtu anasifia 1HZ yake kwa kuwa kimya, mpe fila geji, kile kipimo cha mianya. Tatu nozo, zile zinazopuliza dizeli: zipelekwe kwenye mashine ya kupimia, zifunguke karibu na baa 150 na zitoe ukungu. Zikitoa mchirizi, hizo ndizo moshi wako. Nne, tairi. Umeweka kubwa kuliko za asili? Umejiongezea gia ndefu, na hilo turbo halitakulipa.

Sasa turbo. Toyota walipotaka turbo kwenye familia hii walitengeneza 1HD-T, yenye uwiano wa mgandamizo wa 18.6 kwa 1 na dizeli inayopigwa moja kwa moja juu ya pistoni. 1HZ ina vyumba vidogo vya awali kwenye hedi na mgandamizo wa 22.4 kwa 1. Zinafanana kwa macho, ndani ni watu wawili. Ukiongeza hewa na dizeli bila kipimo, hedi inapasuka kati ya vali na kuzunguka vile vyumba.

Kama bado unataka, masharti ni haya. Presha ya turbo isizidi nusu baa. Geji ya joto la moshi ifungwe kwenye manifoldi kabla ya turbo, si baada yake, na ukiona inakaribia nyuzi 700 shusha gia na upunguze mguu. Bomba la kurudisha oili liwe pana na literemke bila kona mpaka kwenye sampu, juu ya usawa wa oili. Likibanwa, turbo inavuja oili na utalaumu sili. Bomba la moshi inchi tatu. Na hiyo ya mtumba: shika shafti yake, ivute ndani na nje. Ukihisi inacheza kwa urefu, iache hapo hapo mezani kwa jamaa. Kucheza kidogo kwa pembeni ikiwa kavu ni kawaida.

Asiye na fedha ya geji hana fedha ya turbo.

Oili gani ni nzuri? (wengi)

Ya wapi? Difu inataka GL-5 (daraja la oili ya gia). Giaboksi ya mkono ya Land Cruiser inataka GL-4, kwa sababu ndani kuna ringi za shaba na kuna GL-5 zinazozila. Injini, soma kitabu chake. Na kokote unakomwaga oili ya difu au giaboksi, fungua nati ya kujazia kwanza. Ukimwaga halafu ukakuta ya kujazia imegoma, umekwama uani na gari kavu.

Mkuu, HZJ75 yangu inatoa uchafu mweusi kama supu kwenye lile tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele kulia. Nimeambiwa ni oili ya breki. Naweza kufanya mwenyewe nyumbani? (Dodoma)

Oili ya breki ni nyepesi na inachuna rangi. Supu nyeusi ni oili ya difu iliyochanganyika na grisi: sili ya ndani ya ekseli imepitisha, oili imeogelea hadi kwenye tufe na kuiosha grisi ya sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachopinda tairi likikata kona. Nyumbani inawezekana kabisa, siku nzima kwa upande mmoja kama ni mara yako ya kwanza.

Lakini kabla hujashika spana, chungulia pumuo la difu, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kikiziba kwa matope, difu ikipata moto hewa haina pa kutokea, inaisukuma oili kupita kwenye sili. Wapo wanaobadilisha sili kila mwaka na pumuo halijaguswa tangu gari lishuke melini.

Nunua seti nzima ya sili za tufe, beringi mbili za pini za tufe na vikombe vyake, na grisi ya molibdeni. Kilo moja na nusu inatosha pande zote mbili. Azima soketi ya milimita 54. Usije ukafungua nati ya habu kwa patasi na nyundo. Ukiona nati zina alama za kung'atwa, ujue aliyetangulia alifanya hivyo, na vile vipande vya chuma vilienda kwenye beringi.

Stendi mbili chini ya ekseli, kabari tairi za nyuma. Matofali ya saruji hayafai: hayapindi wala hayalalamiki, yanapasuka mara moja, na wewe uko chini.

Kalipa ya breki itundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Sasa zile nati sita za habu. Chini ya kila moja kuna washa ya umbo la koni iliyojibana kwenye stadi, na hapa ndipo watu huharibu kwa kuchokonoa na bisibisi. Irudishe nati nyuma hadi ilingane na ncha ya stadi, weka kipande cha shaba juu yake, gonga mara moja kavu. Koni inaruka yenyewe. Ukigonga kwa chuma utaponda ncha, na nati haitarudi.

Nyoosha masikio ya washa ya kufungia, toa nati mbili za 54, habu inatoka na beringi zake. Fungua bolti za spindo, igonge kwa nyundo ya mpira, kisha vuta ekseli na sivi jointi yake kwa pamoja ukiwa umeibeba. Ukiiburuza itachana sili kabla hata hujaanza.

Osha kila kitu. Pitisha kucha pale sili ilipokuwa inasugua kwenye shafti. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja wiki ijayo. Ipigilie kina tofauti kidogo na ya zamani ili midomo yake ikae kwenye chuma kizima.

Sasa jambo linaloamua kama kazi itadumu. Pini za juu na chini za tufe zina shimu, vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi. Za juu zirudi juu, za chini zirudi chini, kwa idadi ile ile. Zifunge kwa waya na karatasi yenye maandishi mara tu zinapotoka. Shimu hizo ndizo zinazoliweka tufe katikati ya shafti. Ukizichanganya, shafti inakaa upande mmoja wa sili na kuila. Sehemu kubwa ya sili "feki" zinazolalamikiwa hazikuwa feki.

Grisi ijazwe ndani ya jointi kwa kusukuma na kiganja mpaka itokee upande wa pili, halafu tufe lenyewe robo tatu. Ukirudisha habu: kaza nati ya ndani hadi Nm 59 (kwa spana yenye kipimo), zungusha habu pande zote mbili mara kadhaa, ilegeze, kisha ikaze tena kidogo sana, karibu Nm 5. Weka washa mpya, nati ya nje kama Nm 64, kunja sikio moja ndani na jingine nje. Kisha tikisa tairi juu na chini, lisicheze. Endesha kilomita kumi, shika habu. Ikikuunguza, umekaza mno.

Malizia kwa kubadilisha oili ya difu, maana kama oili ilitoka, matope nayo yalipata njia ya kuingia.

Land Cruiser 80 nimeiinua inchi mbili. Nikifika 80 na kukanyaga tuta dogo, usukani unatetemeka kama unang'oka. Nimefunga dampa mpya ya usukani, ikatulia wiki mbili, imerudi. (Nakuru)

Dampa haikuponya kitu, ilinyamazisha. Ichomoe kabisa, kisha mwenzio awashe injini na ayumbishe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, tairi zikiwa chini. Wewe lala kando, shika kila kiungo kimoja kimoja: tairodi zote, bushi za rodi ya kukingama inayozuia ekseli isiende pembeni, mkono wa stiringi boksi. Kinachocheza utakihisi kwa vidole kabla ya kukiona. Halafu nyanyua tairi na uitikise: kama beringi za gurudumu ni nzima na bado kuna mchezo, ni beringi za pini za tufe.

Ukimaliza hayo tuje kwenye kasta, ile pembe ya pini kulala nyuma ambayo hurudisha usukani ukiuachia. Ukiinua inchi mbili umepoteza digrii mbili hivi kati ya takriban tatu zilizokuwepo. Unahitaji bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya mbele. Aliyekuuzia springi alipaswa kukuambia, ila yeye anauza springi.

Na mawili zaidi. Inua bodi mpaka ekseli ining'inie, uone kama mipira ya breki imevutika kama kamba ya ngoma. Kisha angalia nyuma kama kuna vali yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Hiyo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na bodi. Ukiinua gari, inadhani halina mzigo siku zote, na inapunguza breki za nyuma. Fimbo yake irekebishwe. Kuna watu wanaendesha hivi na watoto ndani.

HZJ77 kutoka Japani, betri mbili, umeme wa 24. Nimechukua redio na chaji ya simu kutoka betri moja. Betri hiyo hiyo inakufa kila baada ya miezi michache. Betri za siku hizi ni feki? (Mwanza)

Betri ni nzima, wewe ndiye unayezionea. Zimeungwa kwa mfuatano, alteneta inazichaji kama betri moja ya volti 24. Ukiinyonya moja, hiyo haijazi kamwe na mwenzake anazidishiwa chaji. Moja inakufa kwa njaa na nyingine kwa kushiba. Nunua kibadilishaji cha 24 kwenda 12, cha ampia 20 kinatosha redio na simu, ukiunge kwenye betri zote mbili. Kisha badilisha betri zote kwa pamoja, aina moja, umri mmoja.

Ukinunua plagi za moto za injini hiyo, soma volti zilizopigwa kwenye plagi. Usilinganishe kwa macho. Za mifumo tofauti zinaingia tundu lile lile na kuungua siku hiyo hiyo.

Defender 300Tdi inadondosha oili kwenye tundu dogo chini ya giaboksi na injini zinapokutana. Niweke kizibo? (Moshi)

Usizibe. Tundu hilo ni la kukuambia sili ya nyuma ya krenki au ya giaboksi imechoka. Ukiliziba, oili inapanda na kulowesha klachi. Kizibo chake ni cha kuvukia mto tu, ukivuka kinatoka. Kava la taimingi belti nalo lina tundu la namna hiyo chini. Na wewe wa vumbi la Moshi, taimingi belti ya 300Tdi iende kilomita 60,000, usingoje 120,000.

Nimefunga mkonga mzuri (bomba la kuvutia hewa juu) kwenye HZJ79. Naweza kuvuka maji ya kina gani? (Ifakara)

Sijui, kwa sababu sijui kama mkonga wako ni mkonga au ni pambo. Pima: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), mwenzio azibe mdomo wa juu wa mkonga kwa kipande cha ubao na mpira. Injini nzima inapaswa kukosa pumzi na kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa mahali pengine, na hapo pengine ndipo maji yatakapoingilia. Tafuta kwenye kiungo cha mkonga na fenda, kwenye klipu za kasha la filta, na kile kimdomo cha mpira chini ya kasha kinachotema vumbi. Maji yakiingia silinda hayagandamiziki. Fito za pistoni zinapinda.

Wanaokuuzia mkonga hawataji difu. Umeendesha saa nzima, difu ni ya moto, unaizamisha kwenye maji baridi: hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Unga mpira mwembamba kwenye mapumuo ya difu zote mbili, giaboksi na transfa, uyapandishe hadi kwenye boneti. Ni kazi ya asubuhi moja na mita chache za mpira wa dizeli. Ukishavuka, fungua nati ya kujazia difu na chovya kidole. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imwage leo. Ukingoja mwisho wa mwezi utakuwa umenunua beringi.

Chesi ya Land Rover 110 imeliwa na kutu nyuma. Nipige oili chafu kama wanavyofanya wengi? (Tanga)

Oili chafu inavimbisha bushi za mpira, inanasa vumbi, na inadondoka kwenye breki. Kutu iliyopo inabaki chini yake inafanya kazi kivulini.

Osha chumvi kwa maji mengi, hata ndani ya chesi kupitia matundu yake, na hakikisha matundu hayo hayajaziba kwa mchanga. Gonga chesi yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinacholia. Kubandika bati juu ya kutu ni kujenga mtego wa maji, na ndivyo gereji nyingi zinavyofanya kwa sababu kunapendeza siku ya kuchukua gari. Chuma cha milimita tatu kinatosha. Kiraka kikatwe kwa mshazari mwishoni, usichomelee mstari wima unaokata chesi kutoka juu hadi chini, maana hapo ndipo itakapovunjikia.

Kabla ya kuchomelea, tangi la dizeli litoke, betri ikatwe, alteneta ichomolewe. Klempu ya ethi ikae sentimita chache tu kutoka unapochomelea. Ukiiweka kwenye rimu, umeme unapita kwenye beringi na kuzichoma vidonda vidogo ambavyo utavisikia baada ya mwezi. Na kwa kuwa bodi ni aluminiamu na chesi ni chuma, popote vinapogusana weka mpira au silikoni katikati, hasa wewe unayelala kando ya bahari.

HZJ79 ina rimu za asili za 7.50R16. Nataka tairi 285/75R16, zinaingia? (Nairobi)

Zinaingia kwenye fenda kwa kukwaruza kidogo. Kwenye rimu haziingii. Tairi hiyo inataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9, yako ni kama 5.5. Ukiilazimisha, mabega ya tairi yanabinuka, kashata (sehemu ya tairi inayogusa barabara) inaliwa katikati, na kwenye kona tairi linajikunja. Spidomita nayo itasoma pungufu kwa asilimia tatu hivi.

Kama rimu zako ni zile za ringi (pete ya chuma inayoshikilia tairi kwenye rimu), na bado zipo nyingi, soma hapa hata kama hukuuliza. Toa sindano ya ndani ya vali na ungoje hadi tairi liwe tupu kabisa kabla ya kugusa ringi. Ringi iliyopinda au yenye kutu kwenye mdomo haigongwi ikanyooka, inatupwa. Ukijaza upepo, funga mnyororo kuzunguka tairi na rimu, tumia mpira mrefu wa pampu wenye klipu ili usilazimike kuushika, na ukae upande wa kashata. Mbele ya ringi asikae mtu, hata yule mtoto anayeshika spana.